Ukinzani na Mgeuko wa Umbo wa Chuma cha Feriti Kisichoshika Kutu na Viungo Vyake vya Bolti: Hoja ya Tangi la Maji ya Mvua Tandahimba

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, imekaa juu ya uwanda wa Makonde, Newala ikiwa jirani yake upande wa magharibi na Mto Ruvuma ukipita mbali chini, upande wa kusini. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga na hunywa maji kwa haraka. Mvua inyeshayo juu haikai juu. Huzama, kisha hutokeza kama chemchemi kwenye miteremko na mabondeni. Simulizi ya asili ya Wamakonde inawaasa watu wasikae karibu na mito mikubwa na mabonde kwa kuwa huko kuna maradhi, na kwa karne nyingi gharama ya wasia huo imelipwa kwa miguu na vichwa vya wanawake walioshuka bondeni na kupanda na maji. Karl Weule, mwanaethnolojia kutoka Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliikuta hali hiyo na kuiandika. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950, pamoja na misaada ya Finland kwa mikoa ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970, ilileta maji ya kusukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Hata hivyo, pampu huhitaji nishati na vipuri, na pale mojawapo linapokosekana, familia hurudi kwenye njia mbili za zamani: kushuka bondeni au kukinga maji ya paa.

Njia ya pili ndiyo inayoleta suala la makala hii. Maji ya paa hayana thamani bila chombo cha kuyahifadhi tangu Aprili, mvua inapokatika, hadi Novemba au Desemba inaporudi. Chombo kikubwa cha shule au zahanati kinaweza kujengwa kwa saruji, kwa plastiki, au kwa mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa bolti. Chuma cha bolti kina faida moja iliyo dhahiri kwa mahali pa mbali: mabamba husafirishwa yakiwa bapa na kuungwa papo hapo bila kuchomelea. Udhaifu wake nao uko wazi. Tangi lenye mamia ya matundu ni tangi lenye mamia ya sehemu za kuvuja, na tangi linalovuja mwezi wa Mei huwa tupu mwezi wa Septemba.

Swali linalojibiwa hapa ni hili: endapo mabamba hayo yatakuwa ya chuma kisichoshika kutu cha aina ya feriti, ambacho ni cha bei nafuu kuliko kile cha kawaida chenye nikeli, ni nini kitakachoamua usalama wa kiungo, je, ni ukinzani wa chuma au ni mgeuko wake wa umbo? Hoja inayojengwa ni kwamba katika feriti mambo haya mawili yamekaribiana kuliko ilivyo katika chuma chenye nikeli, na kwa sababu hiyo nafasi ya kusamehe kosa la fundi katika kutoboa tundu ni ndogo zaidi.

2.0 Chuma cha feriti na asili yake

Chuma huitwa kisichoshika kutu kinapokuwa na kromiamu ya kutosha, angalau asilimia 10.5, kujenga juu ya uso wake utando mwembamba wa oksidi unaojifunga upya unapokwaruzwa. Kikiongezewa nikeli, kwa kawaida asilimia 8 au zaidi, mpangilio wa atomi zake hubadilika na kuwa wa austeniti. Hiki ndicho chuma cha masufuria na masinki, ambacho mara nyingi hakivutwi na sumaku. Kikiachwa bila nikeli, au kikiwa nayo kidogo sana, hubaki na mpangilio wa feriti, sawa na chuma cha kawaida cha ujenzi, na sumaku hukivuta. Wapo mafundi wanaoitumia sumaku kupima uhalisi wa chuma kisichoshika kutu, na kila kinachonasa wakakiita bandia. Kipimo hicho kinakikosea haki chuma cha feriti.

Kukosekana kwa nikeli kuna maana ya kiuchumi kabla ya kuwa na maana ya kimekanika. Bei ya nikeli katika soko la dunia hupanda na kushuka kwa ghafla, nayo huburuta bei ya austeniti. Feriti haina sehemu kubwa katika msukosuko huo. Kwa halmashauri inayopanga bajeti mwaka mmoja na kununua mwaka unaofuata, bei isiyoyumba ni sifa ya kihandisi kama zilivyo sifa nyingine.

Afrika ina historia yake katika jambo hili. Chuma kinachofahamika kama 3CR12, chenye kromiamu ya takriban asilimia 12, kilibuniwa Middelburg, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa lengo la kupata kitu cha kati: kinachodumu kuliko chuma kilichopakwa zinki na kilicho nafuu kuliko austeniti. Kilitumika katika mabehewa ya makaa ya mawe na katika mitambo ya sukari. Aina ya Ulaya inayolingana nacho ni 1.4003. Miaka mingi baadaye, kati ya 2010 na 2013, mradi wa pamoja wa Ulaya ulichunguza matumizi ya feriti katika majengo, na kituo cha utafiti cha VTT cha Finland kilikuwa miongoni mwa washiriki wake. Ni sadfa tu kwamba nchi iliyowahi kugharimia mabomba ya Mtwara na Lindi ndiyo pia iliyopima viungo vya bolti vya chuma hiki.

3.0 Mkazo na mvutiko

Kabla ya kufika kwenye kiungo, ni lazima bamba lenyewe lieleweke. Mkazo ni nguvu inayogawanywa kwa eneo inalopita, na mvutiko ni urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali. Chuma cha kawaida cha ujenzi huvutika kwa uwiano hadi kinapofika mahali pa wazi ambapo hulegea ghafla. Chuma kisichoshika kutu hakina mahali pa wazi namna hiyo. Mchoro wake hupinda taratibu, na kwa sababu hiyo wahandisi wamekubaliana kuita mkazo wa kulegea ule unaobakiza mvutiko wa kudumu wa asilimia 0.2. Mkazo mkubwa kabisa ambao bamba huvumilia kabla ya kukatika huitwa hapa mkazo wa ukomo.

Mpindo huo huelezwa kwa fomula ya Ramberg na Osgood ya mwaka 1943. Mvutiko wote ni jumla ya sehemu mbili: mkazo uliogawanywa kwa moduli ya unyumbufu, pamoja na 0.002 ikizidishwa kwa uwiano wa mkazo na mkazo wa kulegea, uwiano huo ukiwa umepandishwa kwenye kipeo n. Kadiri n inavyokuwa kubwa, ndivyo mpindo unavyokuwa mkali na ndivyo chuma kinavyofanana zaidi na chuma cha kawaida. Katika usanifu hutumika n ya 7 kwa austeniti na 14 kwa feriti. Tofauti hii si ya karatasini tu. Kwenye mkazo ulio asilimia 70 ya mkazo wa kulegea, austeniti imekwisha kupata mvutiko wa kudumu wa takriban 0.000165, ilhali feriti ina takriban 0.000014. Kwa lugha nyepesi, chini ya mzigo wa kila siku feriti hubaki na umbo lake, na austeniti imekwisha anza kujinyoosha kimyakimya.

Faida hiyo ina gharama upande wa pili wa mchoro. Thamani za chini za kiwango kwa mabamba membamba yaliyopitishwa kwenye rola baridi ni hizi: aina ya 1.4003 ina mkazo wa kulegea wa megapaskali 280 na wa ukomo wa 450. Aina ya 1.4521, yenye kromiamu ya asilimia 18 na molibdenamu ya asilimia 2, ina 300 na 420. Austeniti ya 1.4301 ina 230 na 540. Tazama uwiano wa ukomo kwa kulegea: 1.61, 1.40 na 2.35. Austeniti hulegea mapema, lakini kila inapovutika huongeza ukinzani. Feriti huchelewa kulegea, na ikishalegea haina akiba kubwa iliyobaki. Arrayago, Real na Gardner walipendekeza mwaka 2015 kwamba mvutiko katika mkazo wa ukomo ukadiriwe, kwa feriti, kuwa 0.6 ya tofauti kati ya moja na uwiano wa kulegea kwa ukomo. Kwa aina ya 1.4521 hesabu hiyo hutoa asilimia 17, na kwa 1.4003 asilimia 23. Kwa austeniti ya 1.4301, ambayo haina punguzo hilo la 0.6, jibu huwa asilimia 57.

Asilimia 17 si kidogo. Hakuna anayeweza kukiita chuma hicho kuwa cha kukatika kama kioo. Tatizo huonekana pale tu mvutiko unapokusanyika mahali padogo, na hakuna mahali pa bamba panapokusanya mvutiko kama ukingo wa tundu la bolti.

4.0 Kiungo cha bolti

Kiungo cha kupishana, yaani bamba juu ya bamba na bolti katikati, kinaweza kushindwa kwa njia kadhaa. Bolti inaweza kukatwa. Bamba linaweza kuraruka katika mstari wa matundu. Bolti inaweza kuchana njia yake hadi ukingoni, kama tundu liko karibu mno na mwisho wa bamba. Na bolti inaweza kulikandamiza bamba mbele yake hadi tundu likawa refu kama yai, bila kitu chochote kukatika. Njia hii ya mwisho, ya mgandamizo wa tundu, ndiyo inayopendelewa na wasanifu kwa kuwa ni ya polepole na huonekana kwa macho.

4.1 Mgandamizo wa tundu

Hapa ndipo tofauti ya aina mbili za chuma inapojitokeza vizuri. Austeniti ikigandamizwa na bolti huendelea kuongeza ukinzani muda mrefu sana, na tundu linaweza kurefuka kwa milimita nyingi kabla ya kufikia kilele. Kilele hicho hakina maana kwa mtumiaji, maana jengo limekwisha pinda au tangi limekwisha vuja. Kwa sababu hiyo kanuni za Ulaya haziruhusu mkazo wa ukomo utumike wote katika hesabu ya mgandamizo. Badala yake huweka mkazo uliopunguzwa, ambao ni 0.5 ya mkazo wa kulegea pamoja na 0.6 ya mkazo wa ukomo, ili mgeuko chini ya mzigo wa matumizi usizidi takriban milimita 3. Kwa 1.4301 mkazo uliopunguzwa ni megapaskali 439, punguzo la asilimia 19. Kwa 1.4003 ni 410, punguzo la asilimia 9. Kwa 1.4521 ni 402, punguzo la asilimia 4 tu.

Namba hizi zisomwe kwa makini. Hazisemi kwamba feriti ni bora kwa kuwa imepunguzwa kidogo. Zinasema kwamba katika austeniti kuna umbali mrefu kati ya siku ambayo kiungo kinakuwa kibaya na siku ambayo kinakatika, na kwamba katika feriti umbali huo ni mfupi. Salih, Gardner na Nethercot wa Imperial College London, waliochunguza viungo vya chuma kisichoshika kutu, walipendekeza mwaka 2011 hesabu mbili tofauti za mgandamizo: moja kwa viungo ambavyo mgeuko wake ni lazima uzuiwe, na nyingine kwa viungo ambavyo mgeuko unavumilika. Tangi la maji liko katika kundi la kwanza bila ubishi.

4.2 Mstari wa matundu

Jambo lililo zito zaidi kwa feriti, na ambalo halipewi uzito unaostahili, ni eneo baki: upana wa bamba ukiondoa matundu. Muundo mzuri ni ule ambao bamba zima hulegea kabla ya mstari wa matundu kuraruka, kwa maana bamba zima likilegea kuna onyo. Sharti la hilo ni rahisi. Eneo baki likigawanywa kwa eneo zima lazima lizidi mkazo wa kulegea ukigawanywa kwa mkazo wa ukomo. Kwa thamani za chini zilizotajwa, matundu ya austeniti ya 1.4301 yanaweza kula hadi asilimia 57 ya upana na bado bamba likalegea kwanza. Kwa 1.4003 kikomo ni asilimia 38. Kwa 1.4521 ni asilimia 29.

Fundi anayetoboa matundu ya milimita 13 kila baada ya milimita 60 ameondoa asilimia 22 ya upana, na yuko salama kwa aina zote tatu. Akiamua kubana matundu hadi kila milimita 40, kwa nia njema ya kuzuia uvujaji, ameondoa asilimia 32.5. Katika austeniti hilo halina madhara. Katika 1.4521 amevuka mstari: bamba litararuka kwenye matundu kabla ya kulegea kwingineko. Hakuna kitu katika mwonekano wa bamba hilo kinachomwonya.

Kanuni za EN 1993-1-4 zilikuwa na kipengele cha kupunguza zaidi ukinzani wa mstari wa matundu. Watafiti hao watatu wa London walionyesha mwaka 2010 kwamba kipengele hicho kinazidisha tahadhari kwa chuma kisichoshika kutu. Wanaweza kuwa sahihi kuhusu ukinzani. Hata hivyo, sharti la kulegea kwanza linabaki palepale, maana halihusu mzigo ambao kiungo kinabeba bali namna kinavyoshindwa.

4.3 Kujikunja kwa mabamba membamba

Katika kiungo chenye bamba moja kila upande, nguvu mbili hazipiti kwenye mstari mmoja. Bamba likiwa jembamba, mwisho wake hunyanyuka mbele ya bolti na kujikunja nje ya ubapa wake. Kuwamura na Isozaki wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 2002 kwa chuma chembamba kisichoshika kutu. Kwa upande wa feriti, Talja na Torkar walichapisha mwaka 2014 majaribio ya viungo vya kupishana vya bolti na vya skrubu. Kwa jengo la kawaida kujikunja ni suala la ukinzani. Kwa tangi ni suala la mpira wa kuziba uliobanwa kati ya mabamba: ncha ikinyanyuka hata nusu milimita, mpira umepoteza mbano wake.

5.0 Tangi la mfano

Ili hoja isibaki hewani, lichukuliwe paa la madarasa mawili lenye mita za mraba 120. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, na moja ya tano ikipotea, paa hilo hutoa takriban mita za ujazo 86. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 6 na kina cha maji cha mita 3 hupokea 85. Mabamba ni ya aina ya 1.4521, unene milimita 3, yameungwa kwa mstari mmoja wa bolti za M12 zilizo umbali wa milimita 60, matundu milimita 13, na kutoka katikati ya tundu hadi mwisho wa bamba ni milimita 30.

Chini kabisa, maji husukuma ukuta kwa kilopaskali 29.4. Mvuto wa kuzunguka tangi ni 29.4 mara nusu kipenyo cha mita 3, yaani kilonewtoni 88 kwa kila mita ya kimo, au 5.3 kwa kila bolti. Ukizidishwa kwa 1.5 kama tahadhari, mzigo wa bolti moja ni takriban kilonewtoni 8.

Upande wa ukinzani, mgandamizo wa tundu ukihesabiwa kwa mkazo uliopunguzwa wa 402 na kigawanyo cha usalama cha 1.25 ni kilonewtoni 22.3. Bolti ya daraja la 70, sehemu yenye nyuzi ikiwa ndiyo inayokatwa, hubeba 23.6. Mstari wa matundu, hata kwa kipengele kile cha tahadhari, hubeba 35.5 kwa kila upana wa milimita 60. Kila kitu kinazidi 8 kwa mbali. Tena mpangilio ni mzuri: tundu litarefuka kabla bolti haijakatika. Bolti za daraja la 50, ambazo kwa macho hazitofautiani na za 70 isipokuwa kwa alama kichwani, zina kilonewtoni 16.9 tu. Bado zinatosha kwa mzigo, lakini zimegeuza mpangilio, na sasa kitakachoshindwa kwanza ni bolti, tena kwa ghafla.

Msanifu aliyefika hapa ana kishawishi kikubwa. Ukinzani ni karibu mara tatu ya mzigo. Kwa nini asitumie bamba la milimita 1.5 na kuokoa nusu ya chuma? Kwa hesabu tupu anaweza: mgandamizo unashuka hadi 11.1, na 8 iko ndani yake. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba kila tundu liko milimita 30 kutoka ukingoni. Tundu lililotobolewa uwanjani kwa sababu mabamba mawili hayakukutana sawasawa, likaangukia milimita 18 kutoka ukingoni, hushusha mgandamizo hadi kilonewtoni 6.7. Katika bamba la milimita 3 kosa hilohilo lingeacha 13.4, na tangi lisingelalamika. Kwa maneno mengine, ile akiba iliyoonekana kama ubadhirifu ndiyo iliyokuwa ikilipia makosa ya kutoboa. Katika austeniti sehemu ya malipo hayo hufanywa na chuma chenyewe kwa kuvutika. Katika feriti hulipwa kwa unene na kwa kipimo.

Kuna pia mwendo usiohusiana na ukinzani hata kidogo. Bolti ya milimita 12 ndani ya tundu la milimita 13 ina nafasi ya kuteleza. Ikiwa bolti zote zilikaa katikati ya matundu wakati wa kukaza, mabamba mawili yanaweza kusogeana kwa milimita 1 kabla ya bolti kugusa kingo. Tangi lenye viungo vinane vya wima linaweza basi kuongeza mzunguko wake kwa milimita 8 linapojazwa mara ya kwanza, pasipo mkazo wowote wa kutajika. Ukuta ukisogea nje kwa zaidi ya milimita moja pale unapokutana na sakafu ya zege, mpira wa kuziba ndio unaopaswa kuufuata. Kwa hiyo inafaa mabamba yavutwe kuelekea nje hadi bolti ziguse kingo za matundu ndipo yakazwe, badala ya kutegemea msuguano. Bolti za chuma kisichoshika kutu zilizokazwa hupoteza sehemu ya mkazo wao kadiri siku zinavyopita, hata katika joto la kawaida.

Katika jua, feriti ina ubora usio na mshindani. Kipande cha ukuta chenye urefu wa mita 2.36, kikiwa juu ya usawa wa maji na kikipata tofauti ya nyuzi joto 30 kati ya alfajiri na adhuhuri, hurefuka kwa milimita 0.7 kikiwa cha feriti, 0.85 kikiwa cha chuma cha kawaida, na 1.1 kikiwa cha austeniti. Zege hurefuka kwa kiwango kilicho karibu na cha feriti. Viungo vya tangi hupitia mwendo huu kila siku kwa miaka, na hapa ugumu wa feriti na utulivu wake vinafanya kazi kwa pamoja.

6.0 Mwanya, salfa na uchaguzi wa bolti

Hesabu iliyotangulia ilitumia 1.4521 na si 1.4003 iliyo nafuu zaidi, na sababu yake iko chini ya washa. Kiungo cha kupishana ni mwanya: maji huingia, hayatoki, na hewa haifiki. Utando wa oksidi unaohitaji oksijeni kujifunga upya hudhoofika humo. Aina yenye kromiamu ya asilimia 12 hupata madoa ya kutu hata kwenye uso ulio wazi. Ndani ya mwanya wenye maji hali yake ni mbaya zaidi. Kromiamu ya 18 pamoja na molibdenamu ya 2 huiweka 1.4521 karibu na austeniti ya 1.4401 katika kustahimili ulikaji wa vitundu.

Tandahimba iko mbali na chumvi ya bahari kwa makumi ya kilomita, lakini ina jambo lake. Ni wilaya ya korosho, na mikorosho hupuliziwa unga wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga katika miezi ya ukavu. Unga huo husambaa na upepo hadi mapaani. Salfa yenyewe haiyeyuki katika maji, ila bakteria huigeuza polepole kuwa asidi ya salfuriki, na uwezekano wa udongo wa mashamba ya kusini kuongezeka asidi kwa njia hiyo umekuwa suala la utafiti. Zinki haiipendi asidi. Kwa sababu hiyo, maji ya mvua ya kwanza yanapaswa kumwagwa nje ya tangi, kwa ajili ya afya na kwa ajili ya viungo pia, na mashapo ya chini yasiachwe yakakaa juu ya mstari wa bolti za chini.

Kosa kubwa kuliko yote katika mazingira haya ni bolti zilizopakwa zinki kwenye bamba kisichoshika kutu. Metali mbili zikiwa ndani ya maji mamoja, iliyo duni hulika ili kuihifadhi iliyo bora, na kasi ya kulika hutegemea ukubwa wa nyuso. Bolti ni ndogo na bamba ni kubwa. Zinki huisha haraka, kisha chuma cha bolti hufuata. Kinyume chake, bolti ya austeniti ya daraja la A4 kwenye bamba la feriti haina tatizo hilo, kwa kuwa iliyo bora ndiyo ndogo. Ununuzi wa bolti kwa hiyo si kipengele cha mwisho katika orodha ya vifaa. Alama ya A4-70 kichwani ndiyo inayobeba hesabu ya ukinzani na hesabu ya ulikaji kwa wakati mmoja. Nyuzi zake zipakwe grisi inayofaa maji ya kunywa kabla ya kukazwa, maana bolti na nati za chuma kisichoshika kutu hung'ang'aniana zikikazwa kavu, na fundi akadhani amekaza kumbe zimekwama.

7.0 Kuchomelea na kutoboa

Kuna watakaouliza kwa nini mabamba yasichomelewe tu. Feriti ikipashwa joto la kuyeyuka, chembe zake kando ya mchomeleo hukua na kuwa kubwa, na sehemu hiyo hupoteza ushupavu wake. Aina ya 1.4003 ilisanifiwa kupunguza tatizo hilo; 1.4521 katika unene mdogo huchomeleka, ila kwa gesi ya kinga, joto dogo na usafi ambao karakana ya mjini ina nafasi nzuri zaidi ya kuutimiza kuliko uwanja wa shule wenye vumbi. Bolti ni uamuzi wa busara hapo, mradi matundu yatobolewe karakanani kwa kiolezo kimoja na si uwanjani kwa kukisia.

Tundu likilazimika kutobolewa uwanjani, keekee yenye makali mapya na mwendo wa polepole hutoa ukingo safi. Keekee butu hugwaruza, hupasha chuma joto, na huacha ukingo wenye meno, ambapo mpasuko wa eneo baki huanzia. Chengachenga za chuma cha kawaida kutoka kwenye kazi nyingine, zikibaki juu ya bamba, huota kutu ndani ya siku chache na kuifanya feriti ilaumiwe kwa kosa lisilo lake. Ukaguzi wa kwanza wa tangi ufanyike maji yakiwa nusu, kisha yakiwa yamejaa, na katika kila hatua umbali kati ya alama mbili zilizochorwa pande zote mbili za kila kiungo cha chini upimwe kwa kalipa. Kiungo kilichosogea milimita moja na kutulia kimeteleza tu ndani ya nafasi yake. Kiungo kinachoendelea kusogea kati ya kipimo cha jioni na cha asubuhi, maji yakiwa hayajaongezeka, kinapaswa kufunguliwa kabla mvua inayofuata haijajaza tangi.